Mgrivea au Mringaringa: Miti Tuliyoipanda na Miti Tuliyoiacha

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa kumi jioni, nikiwa ofisini Dar nahariri habari ya mtu mwingine. "Dada, niko kitaluni hapa Same. Migrivea imebaki michache. Nichukue mingapi? Mama amenipigia, anasema nisichukue hata mmoja."

Sikumjibu hapo hapo. Si kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Nilijua mti anaouzungumzia utasimama wapi, na nilijua kwa nini mahali hapo pako wazi.

Mbele ya nyumba yetu kijijini, upande wa Suji, katika milima ya Upare ya Kusini, kuna pengo. Mgeni halioni. Ataona kahawa, ataona migomba, ataona kaburi la baba lenye vigae vyeupe, na kama hakuna ukungu ataona tambarare ya Makanya na mashamba ya mkonge kule chini kabisa. Lakini sisi tuliokulia pale tunaliona. Palikuwa na mringaringa. Baba aliuuza mwaka niliochaguliwa kujiunga na chuo kikuu, na mbao zake zikalipa sehemu ya ada yangu kabla mkopo haujatoka. Sasa baba hayupo. Mwaka mmoja unatimia, familia inakutana kwa kumbukumbu, na tumekubaliana tupande mti pale pale. Tulichoshindwa kukubaliana ni mti gani.

Mdogo wangu anataka mgrivea. Mama anataka mringaringa. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomeshwa na mti ule, nimeachiwa kura ya mwisho. Nikafanya kile ambacho waandishi wa habari hufanya wakiogopa kuamua: nikaanza kusoma.

Mwaloni ambao hatukuuona

Ninyi wapenzi wa riwaya za Kiingereza mnajua kwamba huko, mtu akipata bustani, miti miwili haikosi kutajwa: mwaloni, na ule ambao jani lake jekundu liko kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Huo wa pili hatuna hata jina lake kwa Kiswahili. Tunasema maple, basi. Mwaloni jina lake tunalo, na wengi wetu tumelipata kanisani.

Upareni Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900, na Waadventista wakafika Mamba Giti mwaka 1903. Kwa hiyo sisi watoto wa milimani tumelelewa na mialoni ya Mamre tangu Shule ya Sabato, bila kuona mwaloni hata mmoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani mwaloni ni jina la kanisani la mringaringa. Ibrahimu alikaa mbele ya hema, chini ya mti mkubwa, akapokea wageni. Baba naye alikaa mbele ya nyumba, chini ya mti mkubwa, akapokea wageni. Sikuona tofauti yoyote, isipokuwa wageni wa Ibrahimu walikuwa malaika na wa baba walikuwa wanunuzi wa kahawa. Nilikuja kujua ukubwani kwamba neno hilo halikuenda mbali na Kiebrania, ambako mti wenyewe huitwa alon.

Cha kuchekesha ni kwamba mgrivea nao ni mwaloni, kwa jina tu. Kwao ni mashariki mwa Australia, na Waaustralia huuita mwaloni wa hariri. Kwa ukoo hauhusiani kabisa na mwaloni. Ila ubao wake ukichanwa huonyesha madoa yanayong'aa kama yale ya mbao za mwaloni, na watu waliotoka Uingereza wakaupa jina la mti waliouacha nyumbani.

Kumbe basi swali la nyumbani kwetu nalo lilikuwa na mwaloni ndani yake. Tulikuwa tunachagua kati ya mti ulioitwa mwaloni na watu wenye hamu ya kwao, na mti niliouita mwaloni mimi mwenyewe kwa sababu sikujua mwingine.

Miti yenyewe

Tuwe wakweli kwanza kuhusu miti hii, maana mapenzi yana tabia ya kumfanya mtu asahau shamba.

Mgrivea hukua upesi. Katika ardhi nzuri, miaka ya mwanzo, unaweza kupanda mita moja hadi mbili kwa mwaka. Huenda juu wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Ukifika miaka ishirini hivi, unachana mbao. Kabla ya hapo unaweza kuukata matawi yote ukabaki kama nguzo, na utachipua tena. Kuni za mwaka unazipata bila kuuangusha mti. Mizizi yake mikubwa huenda chini, ndiyo maana unauona katikati ya mahindi na kahawa bila ugomvi mkubwa. Majani yake yamechanika-chanika, upande wa chini yana rangi ya fedha, na maua yake ya rangi ya machungwa yamekaa kama brashi. Kasoro zake ni kwamba majani hayo yakidondoka huchelewa kuoza, na matawi hukatika upepo ukiwa mkali. Wanaotoka milimani kwetu wanajua upepo ninaousema.

Mringaringa hauna haraka hivyo, na hauna unyoofu. Hugawanyika matawi mapema, unatanua mabega, unafunika ua. Majani yake ni mapana kama sahani, na yakianguka huoza upesi yakalisha kahawa iliyo chini. Ukichanua maua meupe, mti mzima unafanana na kamba iliyoanikwa mashuka, na nyuki hawaondoki. Matunda yake yanatelezateleza na kunata. Sisi watoto tuliyala na kugundisha nayo karatasi. Mbao zake ni nzuri kwa milango, vitanda, vinu, ngoma na mizinga ya nyuki. Lakini ukitaka gogo la maana, ngoja. Wajukuu ndio watakaofaidi.

Tungekuwa Same mjini, mjadala huu usingekuwepo. Same iko upande ambao milima inaikinga mvua. Kwa mwaka hupata milimita 500 hadi 600, na jua lake halina mzaha. Pale mti wa nyumbani ni mwarobaini, nao ni mgeni kutoka Asia ambaye leo hakuna anayemkumbuka kuwa mgeni. Mgrivea na mringaringa ni miti ya kule juu, kwenye ukungu na udongo mwekundu. Kutoka Makanya unapanda kwa gari kona baada ya kona, masikio yanaziba, unaacha jasi na mkonge chini, na ghafla ni nchi nyingine yenye migomba. Ukiiangalia miti ya shambani kule, sehemu nyingi utakayoiona kwanza ni migrivea, imesimama mistari mistari kwenye mipaka. Ile mingine, yenye mabega mapana, imesimama ovyo bila mstari. Hiyo haikupandwa. Nilikuwa nimeiangalia maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza maana ya tofauti hiyo.

Mgeni njoo

Mgrivea umebeba jina la Charles Greville, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyefariki 1809, mpenzi wa bustani na mmoja wa waanzilishi wa chama cha kilimo cha bustani cha London mwaka 1804. Hakuwahi kulima shamba Upareni. Lakini kila siku kuna mtu kule Suji anayemtaja bila kujua, akisema, "Leta lile panga nipunguze mgrivea."

Mti huu ulisafiri na mashamba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 ulipelekwa India, Sri Lanka na Afrika Mashariki kuwa kivuli cha chai na kahawa. Ulikuja wakati ambapo nchi yetu yote ilikuwa inageuzwa kitalu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, na pale wakajaribu mamia ya mimea kutoka kila pembe ya dunia, waone ipi italipa. Reli yao kutoka Tanga ilipita chini ya milima yetu, ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ilihitaji kuni, mashamba yalihitaji nguzo, miji ilihitaji mbao, na vyote hivyo vilitoka milimani. Kule Shengena, mlima wetu mrefu kuliko yote, wenye mita 2,462 hivi, mti uliotafutwa kuliko mingine ni mkulo, ule wenye harufu ya kafuri. Mapande yake yaliteremshwa miaka na miaka, zama za wakoloni na baada yao.

Uhuru ulipokuja, kupanda miti kukawa sehemu ya ujenzi wa taifa. Wazazi wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980, "Misitu ni Mali", iliyofuata zile za "Mtu ni Afya" na "Chakula ni Uhai". Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba mashimo. Jina lenyewe la kampeni lina somo ndani yake. Msitu ni mali. Na mali nzuri ni ile inayokua haraka.

Nilikuwa tayari kumchukia mgrivea nilipofika hapo. Nilikuwa na hoja yangu tamu: mti wa wakoloni, mti wa pesa, mti ambao hata wenyewe hauwapendi watoto wake. Hilo la mwisho ni kweli. Mwaka 1967 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mizizi hai ya mgrivea hutoa kitu kinachoua miche ya mgrivea inayoota karibu nayo. Mtoto wa mgrivea hakui chini ya mama yake. Nikamtumia mdogo wangu habari hiyo, nikijua nimemmaliza.

Akanipigia simu. "Dada, hiyo mbona ni sifa? Mzazi hataki mtoto akae nyumbani miaka thelathini." Kisha akaacha utani. "Sikiliza. Wewe uko Dar, unapikia gesi. Sisi huku tunahitaji kuni kila siku ya Mungu. Hizi kuni zikikosekana shambani, tutaenda kuzitafuta wapi? Si ndiyo tutapanda msituni? Kila mgrivea ninaoukata hapa nyumbani kuna mti wa Shengena umepona. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe unamfukuza mgeni, mwenyeji atapona vipi?"

Sikuwa na jibu. Na sina mpaka leo. Msitu wa Shengena leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, unalindwa, na maji ya vijiji vingi yanatoka humo. Sheria peke yake isingeweza kuulinda kama mama zetu wangekuwa hawana pengine pa kuokota kuni. Mgeni huyu kweli alipewa jembe, akalima.

Miti isiyo na mpandaji

Upande wa pili nilidhani utakuwa rahisi: mringaringa, mti wa asili, mti wa mababu. Lakini nao una jina la Ulaya kwenye vitabu. Jinsi yake kisayansi inaitwa Cordia, kwa heshima ya Valerius Cordus, Mjerumani mwenye ujuzi wa mimea aliyefariki mwaka 1544 kabla hajafikisha miaka thelathini. Mgeni amebeba jina la Mwingereza, mwenyeji kabeba la Mjerumani. Historia ya Tanganyika yote iko hapo, ila imegeuzwa kidogo.

Nikamuuliza mama, "Mringaringa ule aliupanda babu au baba?"

Alinyamaza kidogo kwenye simu, kama mtu aliyeulizwa nani alipanda mlima. "Nani kakwambia ulipandwa? Uliota wenyewe kwenye kahawa. Babu yako akauacha."

*Akauacha.* Neno hilo lilinizuia kulala. Tangu hapo nikaanza kuisoma upya historia ya Upare kwa kulitafuta hilo tu: nani aliacha nini.

Katika Upare ya Kaskazini, Usangi na Ugweno, mpaka leo kuna vipande vya misitu midogo katikati ya mashamba. Mingine ni mipungi, misitu ya koo, ambako mafuvu ya wazee waliotangulia yaliwekwa na matambiko yakafanyika. Mingine ni mishitu, ambako vijana walipelekwa jandoni. Hakuna aliyeipanda. Iliachwa, na kuachwa kwake kulikuwa kazi: kulikuwa na wenye mamlaka, miiko, na adhabu kwa aliyekata fimbo. Hata mipaka ya mashamba iliwekwa kwa isale, mmea ule ule ambao jirani zetu Wachaga hutumia kuomba msamaha. Ukiona isale, unajua hapa kuna neno limeshasemwa, usivuke.

Profesa Isaria Kimambo, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya masimulizi ya wazee wetu akachapisha historia ya siasa za Wapare mwaka 1969. Humo utawakuta Washana, ukoo wa wafua chuma waliotawala Ugweno, na Wasuya waliowapindua. Utamkuta Mranga, mtawala aliyepanga upya mambo ya nchi yake, jando la msituni likiwemo. Ukisoma kwa jicho la kawaida, hayo ni mambo ya watawala. Ukisoma kwa jicho la mtu anayetafuta miti, unaona kwamba mshitu ulikuwa chombo cha serikali. Msitu uliachwa kwa sababu nchi ilikuwa inatengenezewa vijana wake humo.

Wala tusidanganyane kwamba mababu walikuwa malaika wa mazingira. Chuma cha Ugweno, kilichouzwa mpaka Uchagani, kiliyeyushwa kwa mkaa, na mkaa haushuki kutoka mbinguni. Watu wale wale waliochoma miti kwa ajili ya majembe ndio waliosema huu hapana, huu tunauacha. Hawakushindwa kuukata. Shoka walilifua wenyewe!

Kabla ya hapo sikuwa nimeelewa kwamba kuacha ni kitendo. Tunahesabu miti iliyopandwa: kila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi wanapiga picha na makoleo, na sisi waandishi tunaandika idadi ya miche. Nimeziandika habari hizo mimi mwenyewe. Sijawahi kuandika habari ya mtu aliyepalilia shamba lake, akafika kwenye mche uliojiotea, akauzungushia jembe. Hakuna wa kukata utepe pale.

Hata Wangari Maathai, ambaye jina lake duniani ni kupanda miti, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Nobel mwaka 2004, ukisoma kitabu chake *Unbowed* unakuta anaanzia kwenye mti ulioachwa. Ulikuwa mgumo karibu na kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu, na karibu yake palikuwa na chemchemi. Aliporudi ukubwani alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Kupanda kwake kote kulikuja baada ya hapo.

Nani anahesabu

Mdogo wangu alikuwa na hoja moja iliyobaki, na hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi.

"Mgrivea nikisema ni wangu, kila mtu anajua ni wangu. Niliununua, niliupanda, uko kwenye mstari. Mringaringa siku nikitaka kuukata, maswali hayaishi. Nani aliupanda? Kibali kiko wapi? Mti wa asili ni wa nani?"

Nikamkumbuka babu. Mwaka 1945 babu alikuwa kijana, na alikuwa miongoni mwa maelfu walioteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, kwenye makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Jina hilo zamani lilikuwa la kitu kingine, sehemu ya mazao na mali ambayo watu walimpelekea mtawala wao wa jadi. Serikali ya Waingereza ililichukua jina hilo la kale ikalivisha kodi mpya iliyoanza mwaka 1943, ya kumpima kila mtu kwa kadiri ya alichonacho. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walikataa watu kuja kukadiria mali zao nyumbani. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu kizima mwaka 1971.

Babu hakuwa msemaji wa siasa. Alichokuwa anakumbuka ni baridi ya usiku wa Same na watu walivyogawana chakula kilichoteremshwa kutoka nyumbani. Ila alikuwa na msemo wake, kila mtu akimsifia kahawa au mbuzi: "Usinihesabie."

Sasa nikijumlisha mambo haya, namwelewa mdogo wangu. Hofu yake si uvivu wa kusubiri. Ni ile ile ya babu: mtu wa nje akija kuhesabu kilicho uani kwangu, nitasemaje ni changu? Mgrivea kwake ni risiti. Ni mti unaojibu swali kabla halijaulizwa. Na babu, yule aliyelala Same kwa sababu hakutaka kuhesabiwa, ndiye aliyeuacha mringaringa, mti usio na risiti. Nadhani kwake mti ambao haukupandwa na mtu ulikuwa na uzuri huo pia, kwamba hakuna aliyejua auandike kwa jina gani.

Halafu baba akaukata.

Nilikuwepo siku hiyo. Mafundi walikuja na msumeno wa mikono miwili, wakachimba shimo la kuchania, na kazi ilichukua siku kadhaa. Baba hakukaa kuangalia. Alienda kwenye kahawa, akapalilia mistari ambayo haikuwa na magugu. Jioni alinipa pesa ndani ya bahasha ya kaki, akasema, "Ukasome." Hakusema lolote kuhusu mti. Kwa miaka mingi nilidhani hakuujali. Sasa naona kwamba vizazi viwili vilikuwa vimeuacha kwa sababu hakukuwa na jambo kubwa la kuutolea, na jambo hilo lilipokuja likawa mimi. Mtu anayeandika insha kuhusu utamu wa kuacha miti akumbuke ni nani aliyekatiwa.

Kura

Nilipanda kijijini Ijumaa, siku mbili kabla ya kumbukumbu. Mdogo wangu alikuwa ameshanunua miche kumi na miwili ya mgrivea. Hakunisubiri, na namshukuru. Ilikuwa imepangwa kivulini nyuma ya jiko, ndani ya vifuko vyake vyeusi, majani yake ya fedha yakitikisika.

Nikamwambia mama kwamba nimetafuta mche wa mringaringa Same na Moshi, vitaluni nimeambiwa haupo kwa sasa, labda mwezi ujao. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Njoo."

Tulipita kaburini, tukaingia kwenye kahawa, hatua kama thelathini kutoka kwenye lile pengo. Chini ya mgomba kulikuwa na mche unaonifika kiunoni, majani mapana, mawili matatu yametobolewa na wadudu. Magugu yalikuwa yamepaliliwa pande zote, kwa duara. Duara lile si la jana.

"Ndege wameuleta kwa jirani," alisema. "Huu ni mwaka wake wa tatu. Baba yako aliuona kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnabishana mpande nini. Mimi nilisema tu sitaki mgrivea pale. Sikusema nataka kupanda."

Mdogo wangu alisimama nyuma yetu, koleo begani. Aliuangalia ule mche muda mrefu, kama fundi anayekisia mbao. Nilidhani ataanza tena habari ya kibali. Akasema tu kwamba mbuzi wa jirani hupita upande huo asubuhi, na kwamba mgomba ule utabidi upunguzwe, unaunyima jua.

Jumamosi tulipanda migrivea kumi na miwili kwenye mpaka wa chini, mbali na kahawa, kwa kamba na kwa vipimo. Jumapili, watu walipokuja kwenye kumbukumbu, waliuliza mti wa mzee umepandwa wapi, maana walikuwa wamesikia. Mama akawaambia bado. Lile pengo mbele ya nyumba liko vile vile. Tuliweka viti vya wageni hapo.

Kabla sijateremka Same kurudi Dar, mimi na mdogo wangu tulikata matawi ya miiba tukauzungushia ule mche. Alinionyesha namna ya kuyasuka ili mbuzi asipenye, nikachomwa mara mbili. Nilimuuliza kama siku moja, watoto wake wakihitaji ada, ataukata.

"Ikibidi," alisema. "Wewe si ulikatiwa?"